Kabla ya kununua altaneta, shika mita

Mwaka 1973, mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rali, Safari Rally iliisha kwa jambo la nadra: magari mawili yalifika mwisho yakiwa na pointi za adhabu zinazolingana. Moja liliendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na msoma ramani wake Lofty Drews. Lingine lilikuwa Datsun 1800 SSS ya Harry Källström kutoka Sweden. Ushindi akapewa Mehta, na gari lake lilikuwa Datsun 240Z. Miaka miwili kabla ya hapo, Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda Safari kwa gari la aina hiyo hiyo. Ndiyo maana jina la 240Z bado linatajwa kwa heshima Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, hata na watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kiti chake.

Gari hilo lilizinduliwa Japani Oktoba 1969. Injini yake, L24, ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa lita 2.4. Soko lake kubwa lilikuwa Marekani, ambako liliuzwa kwa kuanzia dola 3,526, bei iliyowatikisa watengenezaji wa Ulaya waliozoea kuuza magari ya spoti kwa matajiri. Leo yaliyobaki yamevuka miaka 50. Bodi zake hula kutu, kabureta zake hudai uvumilivu, lakini ugonjwa unaowachosha wenye magari hayo kuliko yote ni wa chaji. Asubuhi gari haliwaki. Jioni, kwenye foleni, taa zinafifia kila dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta. Betri inanunuliwa mpya, na baada ya wiki chache nayo imekufa.

Hapo ndipo altaneta inapohukumiwa. Inang'olewa, nyingine inafungwa, na mara nyingi mno ugonjwa unabaki palepale. Kubadili altaneta ya 240Z ni kazi ya nyumbani kabisa. Mwenye gari mwenye spana chache na asubuhi moja ya utulivu anaimudu. Kinachopoteza fedha za watu ni kuifanya kazi hiyo kabla ya kupima.

Tabia hii inatokana na kutojua altaneta inafanya nini. Ndani yake kuna rota yenye koili, inayozungushwa na mkanda wa feni. Koili hiyo hupewa umeme kidogo kupitia kaboni mbili zinazosugua pete mbili za shaba, na umeme huo huigeuza rota kuwa sumaku. Sumaku inapozunguka ndani ya nyaya za stata, umeme unazaliwa, lakini ni ule unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, ambao betri haiwezi kuupokea. Dayodi sita huunyoosha uende upande mmoja. Halafu kuna regyuleta, inayoamua koili ya rota ipewe umeme kiasi gani ili volti zisishuke wala zisipande kupita kiasi. Katika 240Z regyuleta haimo ndani ya altaneta kama ilivyo kwenye magari ya baadaye. Ni kijisanduku cha pembeni chini ya boneti, chenye nyaya zake na plagi yake.

Kwa hiyo mtu akisema "haichaji", anaweza kuwa anazungumzia mkanda uliolegea, kaboni zilizoisha, dayodi iliyoungua, regyuleta iliyochoka, waya uliooza au ethi isiyoshika bodi vizuri. Altaneta nzima ni mshukiwa mmoja tu katika orodha hiyo, na ndiye wa bei kubwa. Kwenye magari yaliyoishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, chumvi ya bahari hujenga unga wa kijani kwenye viungo vya nyaya hadi umeme ukashindwa kupita, hali altaneta iko salama kabisa.

Kuna kipimo kimoja cha barabarani ambacho kinapaswa kukomeshwa. Fundi anawasha injini, kisha anachomoa terminali ya betri. Injini ikizima, altaneta ni mbovu; ikiendelea kuunguruma, altaneta ni nzima. Njia hiyo ilivumilika enzi za dainamo, kabla altaneta hazijaenea. Chrysler ilipoanza kufunga altaneta kwenye Valiant za mwaka 1960, mambo yalibadilika, na kufikia mwisho wa muongo huo hata MGB ya Uingereza ilikuwa imeachana na dainamo. Betri hufanya kazi ya kumeza mishtuko ya umeme. Ukiiondoa ghafla wakati altaneta inazalisha, volti huruka juu sana kwa kitambo kidogo, na kitambo hicho kinatosha kuunguza dayodi. Altaneta iliyokuwa nzima inauawa na kipimo kilichokusudiwa kuichunguza. Kwenye gari lenye redio ya kisasa au mfumo wa kuwasha wa kielektroniki, hasara haiishii hapo.

Kipimo cha kweli kinahitaji mita ya umeme, ile ya kawaida inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Betri iliyojaa, baada ya kutulia saa kadhaa, husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma chini ya 12 iko tupu, na hakuna la maana litakalojulikana kuhusu altaneta mpaka ichajiwe kwa chaja. Kisha injini iwashwe na kupandishwa kidogo, mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Hapo mita ikiwekwa kwenye vichwa vya betri inatakiwa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, regyuleta imeshindwa kuzuia, na maji ya betri yatachemka na kukauka. Ikibaki 12 na kitu huku ikishuka taratibu, hakuna chaji inayofika.

Neno la kushika ni "inayofika". Kabla ya kulaumu altaneta, mita ihamishiwe nyuma yake, kwenye bolti ya B, pale unapotoka waya mnene. Ikiwa bolti hiyo inasoma 14.4 na betri inasoma 13, altaneta inafanya kazi yake na umeme unapotelea njiani. Hapo dawa ni waya, kiungo au terminali ya kusafishwa. Vivyo hivyo upande wa ethi: kati ya ganda la altaneta na kichwa hasi cha betri, injini ikiunguruma na taa zikiwaka, mita haitakiwi kuonyesha zaidi ya sehemu chache za kumi za volti. Ikionyesha volti nzima, rangi au kutu imeziba njia kati ya altaneta, injini na bodi. Msasa na dakika kumi vinaweza kuokoa bei ya altaneta.

Regyuleta ya pembeni, ambayo wengi huiona kama udhaifu wa 240Z, humpa mpimaji nafasi ambayo magari mapya hayana. Mtu anayeelewa mchoro wa umeme wa gari lake anaweza kuiruka regyuleta kwa sekunde chache na kuipa koili ya rota umeme wa betri moja kwa moja, injini ikienda taratibu. Volti zikipanda, altaneta haina hatia na regyuleta ndiyo mgonjwa. Zisipopanda, basi tatizo liko ndani ya altaneta: kaboni, pete, koili au dayodi. Jaribio hilo lisizidi sekunde hizo chache, kwa sababu bila regyuleta hakuna kinachozuia volti kupanda. Asiye na uhakika na nyaya amwachie fundi umeme, lakini aombe lifanyike mbele yake.

Dayodi nazo zina dalili zake. Mita ikigeuzwa upande wa umeme wa kubadilika, AC, na kuwekwa kwenye betri wakati injini inaunguruma, ikisoma zaidi ya nusu volti, dayodi mojawapo imevuja au imeungua. Altaneta ya namna hiyo huweza kuchaji kidogo mchana na kuinyonya betri usiku kucha gari likiwa limezimwa. Mwenye gari hununua betri baada ya betri bila kujua mwizi anakaa wapi.

Ikithibitika kwamba altaneta ndiyo mbovu, kazi yenyewe haina siri. Kwenye 240Z inakaa mbele, chini, upande wa kulia wa injini. Injini iwe imepoa. Pete za vidoleni na saa ya chuma vivuliwe, kwa sababu bolti ya B inapata umeme wa betri hata gari likiwa limezimwa, na spana ikigusa bolti hiyo na bodi kwa pamoja inaweza kuungua na kumuunguza aliyeishika. Kwa hiyo kinachofunguliwa kwanza ni terminali hasi ya betri. Hatua hiyo hairukwi, hata na fundi wa miaka 30.

Baada ya hapo picha ipigwe kwa simu kuonyesha kila waya ulipo. Plagi ndogo ya nyuma inachomolewa, nati ya B inafunguliwa, pamoja na waya wa ethi. Bolti ya kurekebishia mkanda inalegezwa, altaneta inasukumwa kuelekea injini, mkanda unatoka. Mwisho inafunguliwa bolti ndefu ya chini, huku mkono mmoja ukiishika altaneta, kwa kuwa ni nzito kuliko inavyoonekana. Spana za milimita 10, 12 na 14 hufanya karibu kazi yote.

Kurudisha ndiko kunakotaka macho. Puli ya altaneta mpya ilinganishwe na ya zamani, maana mfereji ukiwa wa upana tofauti, mkanda utalia na kuteleza. Mahali altaneta inaposhikana na injini pasuguliwe mpaka chuma king'ae, kwa kuwa sehemu ya ethi hupita hapo. Mkanda ukazwe kiasi kwamba kidole gumba kikiukandamiza katikati ya puli mbili unabonyea kama sentimita moja. Ukilegea hauchaji, na ukikazwa kupita kiasi unakula beringi za altaneta na za pampu ya maji. Baada ya siku chache za kuendesha uangaliwe tena, hasa kama nao ni mpya, kwa sababu mkanda mpya hunyooka. Betri nayo ichajiwe kwa chaja kabla ya kuwasha. Altaneta ndogo ikilazimishwa kujaza betri iliyokufa hupata joto kubwa, na si mara chache altaneta mpya imeungua siku ile ile iliyofungwa.

Suala linalowagawa wapenzi wa gari hili ni altaneta gani ifungwe. Ile ya awali, ya Hitachi, ilikuwa ya ampea 45 kwenye magari ya mwanzo. Ampea 45 kwa volti 14 ni wati 630, na hizo zinapatikana injini ikienda kasi. Ikiunguruma bila mguu kwenye mafuta, ni chache zaidi. Mwaka 1970 zilitosha. Taa kubwa mbili za halojeni zenye wati 55 kila moja hula karibu ampea 9. Ongeza feni ya umeme ya kupoza rejeta, pampu ya petroli ya umeme na redio yenye nguvu, vitu ambavyo wengi wamevifunga baadaye, na kwenye foleni ya saa moja usiku matumizi yanaizidi altaneta. Hapo hata altaneta nzima ya aina ile ile haitaponya gari.

Jibu lililozoeleka kwa wenye gari hili Marekani na kwingineko ni altaneta ya Datsun 280ZX, gari lililotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Hiyo hutoa ampea 60, regyuleta yake iko ndani, na inakaa kwenye injini ya 240Z bila taabu kubwa kwa sababu injini hizo ni za ukoo mmoja wa L. Regyuleta ya zamani huondolewa na nyaya za plagi yake kuunganishwa upya, na dayodi moja ndogo huongezwa kwenye njia ya waya wa taa ya chaji. Bila dayodi hiyo, umeme unaweza kurudi nyuma na injini ikaendelea kuunguruma hata ufunguo ukishatolewa. Rangi za nyaya hutofautiana kwa miaka ya gari, kwa hiyo mchoro wa mwaka husika ndio wa kufuatwa, wala si kumbukumbu ya jirani aliyefanya kwenye lake.

Mabadiliko hayo ni mazuri kwa gari linaloendeshwa, lakini wanaoyauza mara nyingi hunyamazia upande wa pili. Altaneta kubwa haiongezi unene wa nyaya. Katika 240Z umeme wa chaji huingia hadi kwenye dashibodi, kwenye amita, kisha ukarudi kwenye betri, kupitia nyaya zilizopimwa kwa ampea za mwaka 1970. Umeme wa taa kubwa nao hupita moja kwa moja kwenye swichi ya usukani bila rilei, na sanduku la fyuzi la gari hili linajulikana kwa kuyeyuka kwenye fyuzi za taa ndogo. Anayeongeza ampea bila kuzifikia sehemu hizo anakaribisha moto ndani ya dashibodi. Kinachostahili kufanywa kwanza ni kufunga rilei za taa, kusafisha sanduku la fyuzi, na kupitisha waya mpya mnene wenye fyuzi yake kutoka bolti ya B hadi betri. Amita haitasoma sawasawa tena baada ya hapo, na voltimita ndogo inafaa kuchukua nafasi yake, kwa kuwa inamweleza dereva hali ya chaji waziwazi.

Gari la maonyesho ni habari nyingine. Lile linalosafishwa kwa ajili ya kusimama mbele ya majaji, kama wanavyofanya wenye magari ya zamani pale Ngong Racecourse, Nairobi, lina sababu ya kubaki na altaneta yake ya asili na kijisanduku chake. Hata hapo si lazima kununua nzima. Kaboni hubadilishwa, beringi hubadilishwa, pete husuguliwa, dayodi hubadilishwa, na koili husukwa upya. Kazi hizo mafundi wa Afrika Mashariki wanazijua kwa vidole. Nyuma ya maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, na kando ya Kirinyaga Road, Nairobi, wapo watu wanaoifungua altaneta, kutafuta waya uliokatika na kuirudisha ikichaji. Huo ni ujuzi wa thamani, na kila mwenye gari anayekimbilia kutupa altaneta yake ya Hitachi ili afunge ya bei rahisi isiyo na jina anaupunguzia nafasi ya kuishi.

Nchini Kenya sheria hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Sababu za sera hizo zinaeleweka. Lakini matokeo yake ni kwamba magari ya spoti ya miaka ya 1970 yaliyomo nchini yanatunzwa kwa yaliyopo, na spea yake ikiharibiwa kwa uzembe si rahisi kupata nyingine. Altaneta iliyounguzwa kwa kuchomoa terminali ni hasara isiyo na sababu.

Wapo wanaosema mwenye gari hana haja ya kujua yote haya, kwamba fundi ndiye ajuaye. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Fundi umeme mzuri anajua mengi kuliko mteja, na kwenye kusuka koili hana mbadala. Lakini mteja anayefika akisema "betri iliyotulia inasoma 12.5, bolti ya B inasoma 12.3 injini ikienda, mkanda umekazwa" anamwokolea fundi nusu ya siku, na hauziwi kitu asichokihitaji. Anayefika akisema "haichaji" anamwacha fundi akisie, na gharama ya kukisia hulipwa na mteja.

Kwa hiyo maombi mawili. La kwanza ni kwa wauza spea, wa altaneta mpya na wa zile zilizotumika kutoka Japani: kila altaneta izungushwe kwenye mashine ya kupimia mbele ya mnunuzi, volti na ampea zisomwe, kabla ya fedha kubadilisha mikono. Muuzaji anayekataa aachwe. La pili ni kwa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Tanzania, na kwa vyuo vya ufundi vya Kenya na Uganda: wafungue masomo mafupi ya Jumamosi kwa wenye magari wa kawaida, ya kushika mita, kusoma mchoro wa umeme na kupima chaji. Karakana na walimu wapo, na wanafunzi wa kwanza watatoka miongoni mwa watu ambao leo wananunua betri ya pili ndani ya mwaka mmoja.